Leseni ya TV Uingereza: mimi sikukataa kulipa, niliacha kutazama

Mkuu, nimekuelewa. Umehamia Leicester miezi mitatu iliyopita, ukutani umekuta TV ya mwenye nyumba, na barua zenye maandishi mekundu za kudai leseni ya TV zinaingia mlangoni zikiandikiwa "Mkazi Halali". Wenzako kazini wanakwambia hiyo ni mikwara tu, kataa kulipa, hawana la kukufanya. Wewe unauliza kama utafungwa.

Huu ni mwaka wangu wa 14 nchi hii, na tangu 2023 nyumba yangu haina leseni ya TV, yaani kile kibali cha kutazama kinacholipiwa ada ya kila mwaka inayoiendesha BBC. Ila wenzako wanachanganya mambo mawili. Kuna mtu anayekataa kulipa huku jioni anatazama kama kawaida. Huyo anacheza kamari. Na kuna mtu aliyeacha kutazama, akasema wazi kwamba ameacha, huyo hana kesi na mtu. Mimi niko upande wa pili, na ndiyo habari ninayoweza kukupa.

Sheria yao ya mawasiliano ya mwaka 2003 haijali kama una TV. Inajali unaitumiaje. Leseni inahitajika kwa kutazama au kurekodi matangazo ya TV mubashara, ya chaneli yoyote, kwa kifaa chochote, simu na kompyuta zikiwemo. Tangu Septemba 2016 inahitajika pia kwa BBC iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni, hata kipindi kiwe cha juzi. Nje ya hapo uko huru: filamu za Netflix unazochagua mwenyewe, video za YouTube zilizokwisha kupandishwa, vipindi vya kurudia vya ITV na Channel 4, DVD. Redio nayo ni bure. Leseni ya redio walishaifuta 1971.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo Waswahili wengi tunaponasa. Tunadhani leseni ni ya chaneli za Waingereza tu. Siyo. Taarifa ya habari ya ITV, na nasema ITV yetu ya Mikocheni, siyo hii ya huku, ukiifungua YouTube wakati ileile inaporushwa hewani, umetazama TV mubashara na unatakiwa uwe na leseni. Dabi ya Kariakoo kwenye chaneli ya Azam, hivyo hivyo. Ukisubiri video ipandishwe baadaye, hakuna neno. Mazishi ya shangazi ambayo mpwa wako anayarusha kwa simu yake toka Muheza siyo chaneli ya TV, hayo tazama na ulie kwa amani. Nilipogundua tofauti hii nilishangaa, kwa sababu kwa miaka kadhaa nilijiona sitazami TV ya huku kabisa, kumbe kila Simba na Yanga zikikutana nilikuwa ndani ya sheria kwa kuwa tu nilikuwa bado nalipa.

Kilichonifanya niache siyo siasa. Nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee. Watoto wako YouTube, mke wangu ana tamthilia zake za Kituruki, anazitazama kwa wakati wake. Siku moja tunahamisha kochi tukakuta rimoti ya antena imedondokea nyuma, betri zimevuja hadi zimeota ukungu wa kijani. Hakuna aliyekuwa ameitafuta. Na benki wanakata kila mwezi. Wakati huo ilikuwa pauni 159 kwa mwaka. Aprili 2025 ikafika 174.50. Kwetu hiyo ni viatu vya shule vya watoto wawili na sweta juu.

Nilichofanya ni hiki. Kwanza nilichomoa waya wa antena na kuuweka kabatini, nikafuta iPlayer kwenye TV na kwenye simu zote. Sheria haikulazimishi kuchomoa waya, lakini mimi nilitaka hata mtoto akibonyeza ovyo isitokee chaneli. Nikakaa na familia, nikawaeleza habari ya mubashara mpaka binti yangu akaanza kunisahihisha. Baada ya hapo nikaingia kwenye tovuti ya TV Licensing, wale wanaosimamia leseni, nikafuta leseni, nikajaza tamko kwamba siihitaji. Miezi iliyobaki nikaomba nirudishiwe hela, wakarudisha. Tamko halidumu milele. Baada ya miaka kama miwili wanakuuliza tena kama hali ni ileile, unathibitisha, basi.

Usisimamishe malipo benki ukadhani umemaliza. Benki haijui lolote kuhusu tamko lako, na hapo ndipo barua nyekundu zinapozaliwa.

Kuhusu kugongewa mlango: kwangu mkaguzi wao alikuja mara moja tu. Alionyesha kitambulisho, akauliza maswali machache. Hana haki ya kuingia bila ruhusa yako, isipokuwa awe na hati ya upekuzi ya mahakama. Ungeweza kumwambia asante, kwaheri, ukafunga mlango. Mimi nilimkaribisha kwa sababu sikuwa na cha kuficha, akaangalia TV, hakumaliza hata dakika tano. Wewe chagua mwenyewe. Ila usidanganye na usisaini karatasi ambayo hujaisoma, kwa kuwa unayoyasema pale mlangoni yanaandikwa na yanaweza kufika mahakamani.

Na mwambie mkeo pia, tafadhali. Takriban robo tatu ya wanaotiwa hatiani kwa kosa hili ni wanawake. Siyo kwamba wao ndio watazamaji wakubwa. Mlango unapogongwa mchana yuko nani nyumbani? Anayefungua ndiye anayehojiwa, na jina lake ndilo linaloandikwa, wakati sisi akina baba tuko kazini tukisema "hawana la kukufanya".

Wana la kukufanya. Faini inafika hadi pauni 1,000, na gharama za kesi juu. Kwa kosa lenyewe hufungwi, jela inakuja kwa anayekaidi kulipa faini. England na Wales kesi nyingi za namna hii huamuliwa na hakimu mmoja kwa kusoma makaratasi tu, kwa hiyo ukiitupa barua ya mahakama ukidhani ni tangazo, unaweza kutiwa hatiani ukiwa unapika ugali. Kwa sisi wenye viza, fomu za uhamiaji zinauliza kama umewahi kutiwa hatiani. Hapo ada ya leseni inageuka kitu kingine kabisa.

Kwa nini wanafukuzana na watu hivi? Kwetu king'amuzi kikiisha salio picha inakata, hakuna anayekupeleka kwa hakimu. Huku matangazo ya bure ya TV, yale ya Freeview, yanakuja kwa antena bila kadi, hawana swichi ya kukuzimia wewe peke yako. Wamebaki na sheria na barua.

Kuna jambo moja halijanikalia vizuri, nalitaja kwa sababu wengine wenu mtalipata. Baba yangu yuko Korogwe. Maisha yake yote ni redio, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC ameisikiliza tangu ujana. Ilianza 1957, yeye akiwa mtoto. Nilipomwambia kwa simu nimeacha kulipa, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo wale wa Dira ya Dunia nani anawalipa?" Nikacheka, nikamwambia serikali ya Malkia. Baadaye nikagundua nimemdanganya mzee. Malkia alikuwa ameshafariki, hilo moja. Pili, tangu 2014 idhaa zao za dunia zinategemea zaidi hiyohiyo ada ya leseni, serikali inaongeza kiasi tu. Kwa miaka niliyolipa tangu hapo, sehemu ndogo ya hela yangu ilikuwa inarudi Korogwe kupitia redio ya mzee. Sijamrudia kumweleza. Sijaanza kulipa tena pia.

Kwa hiyo wale wanaosema ada ni wizi, mimi simo. Inalipia kazi ambayo watu wanaitumia, nami sasa siitumii.

Jambo la mwisho, mkuu: kama mnaishi na wapangaji wengine na mkataba wenu wa nyumba ni mmoja, wote mmesaini karatasi moja, leseni moja inawatosha, kwa hiyo uliza kwanza kama mwenzenu hajalipa tayari. Kama kila mtu ana mkataba wa chumba chake, kila mtu na lake.

Mimi siku ya dabi huwa napanda treni hadi kwa shemeji yangu Coventry. Ana leseni, na leseni ya nyumba inahudumia na wageni. Napeleka sambusa za mke wangu, na yeye ni Yanga, kwa hiyo tunakaa makochi tofauti.