Polifenoli na chembe sahani: maswali yenu ya wiki hii

Polifenoli zinafanya nini hasa kwenye chembe sahani?

Polifenoli ni kemikali za asili zilizomo kwenye mimea. Chembe sahani ni vipande vidogo vya damu visivyo na kiini, vinavyosaidia damu kuganda; hutengenezwa kwenye uboho na huishi siku 7 hadi 10. Mshipa ukichanika, kolajeni, protini ya ukuta wake, hubaki wazi. Chembe sahani ikiigusa tu, inabadilika umbo, inachomoza vijimkono na kuanza kuwashikilia wenzake. Wakati huohuo inazalisha oksijeni kali inayoharibu nitriki oksaidi, gesi ambayo ukuta wa mshipa huitoa ili kuzituliza chembe hizo. Ni kama breki kukatwa gari likiwa mteremkoni.

Maabara imeonyesha kuwa polifenoli kama kwesetini, iliyomo kwenye vitunguu na tufaha, hupunguza oksijeni hiyo na pia hukatiza ishara inayosafiri ndani ya chembe baada ya kugusa kolajeni. Kwangu mimi, hili la kukatiza ishara ndilo lenye uzito. Tukila polifenoli, utumbo, bakteria na ini huzibadilisha sana, na kiasi kinachofika kwenye damu ni kidogo mno kuweza kupambana na oksijeni kali ana kwa ana. Kwa hiyo tangazo linalojisifu kwa “nguvu ya antioksidanti”, yaani uwezo wa kuzima oksijeni kali, iliyopimwa kwenye chupa ya maabara halikwambii lolote kuhusu damu yako.

Kwa hiyo nile chokoleti kuzuia kiharusi?

Hapana. Utafiti wa COSMOS wa Marekani ulihusisha watu zaidi ya 21,000 wenye miaka 60 na kuendelea. Nusu yao walipewa miligramu 500 za flavanoli za kakao, aina ya polifenoli, kila siku. Matokeo ya 2022: matukio ya moyo na mishipa kwa jumla hayakupungua kiasi cha kuaminika. Vifo vya magonjwa hayo vilipungua kwa asilimia 27, jambo la kutia moyo, ila halikuwa swali kuu la utafiti. Tena hivyo vilikuwa vidonge. Chokoleti nyingi hupoteza flavanoli kiwandani, sukari ikabaki.

Mvinyo mwekundu je?

Usianze kunywa kwa sababu hiyo. Resveratroli, polifenoli ya zabibu, iliyomo ni miligramu chache tu kwa lita.

Natumia aspirini. Naweza kuongeza vidonge vya chai ya kijani?

Usiongeze kabla ya kumwona daktari wako, tafadhali. Aspirini huzima kimeng'enya cha chembe sahani moja kwa moja, mpaka chembe mpya zizaliwe. Dondoo kali ya chai juu yake inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu, na wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walionya mwaka 2018 kwamba katekini (polifenoli) za chai ya kijani aina ya EGCG, zikifika miligramu 800 kwa siku kwenye vidonge, zinaweza kuliumiza ini. Kikombe cha chai ni jambo jingine, endelea nacho. Ukiona michubuko isiyo na sababu, fizi zinazotoka damu au choo cheusi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Chembe sahani zangu ni 90,000. Niache matunda?

Usiache. Kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa kila maikrolita, na matunda siyo yaliyozipunguza. Rudi kwa daktari atafute chanzo.