"Alifumbia macho" maana yake aliona

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya usimamizi katika chama cha akiba na mikopo. Kwenye taarifa yetu niliandika: "Meneja alifumbia macho upungufu wa fedha kwenye kaunta." Meneja amekuja juu, anasema nimemfanya mshirika wa keshia. Mwenyekiti anataka tuandike "alivumilia", na mjumbe mmoja anashikilia "aliendekeza". Maneno haya yana tofauti gani? Na lipi sahihi, "aliufumbia macho" au "aliyafumbia macho"?

JIBU: Marahaba. Meneja wenu ana haki ya kukasirika, ingawa si lazima awe na haki ya kushinda. Hukumwita mwizi. Ulichosema ni kwamba aliona, akajua, akaamua kunyamaza. Hilo ndilo kufumbia macho: mtu hafumbii macho jambo ambalo hakuliona. Jaribu sentensi hii: "Alifumbia macho upungufu, maana hakuwa na habari nao." Inajikanyaga yenyewe. Lakini "Hakugundua upungufu, maana hakukagua daftari" imesimama vizuri, na bado ni lawama, ila lawama ya uzembe.

Kwa hiyo kabla hujanyanyua kalamu ya kusahihisha, fungua faili. Je, kuna barua aliyoandikiwa? Kuna fomu ya kufunga siku yenye saini yake na tarakimu ya upungufu? Kama ipo, kitenzi chako kina pa kusimamia. Kama hakuna, umemshtaki kwa kujua bila ushahidi kwamba alijua.

Sasa hilo la "alivumilia". Mwenyekiti amedhani analainisha, kumbe anageuza kisa. Anayevumilia ni yule anayeumia: mgonjwa huvumilia maumivu, mke wa mlevi huvumilia matusi, na mvumilivu tunaambiwa hula mbivu. Ukiandika "Meneja alivumilia upungufu wa fedha", msomaji atamwonea huruma, kana kwamba fedha zilitoka mfukoni mwake naye akasubiri kwa subira. Najua utaniuliza, mbona viongozi kila siku husema "hatutavumilia wizi"? Wanasema sawasawa. Katika ukanushi kitenzi hiki hufanya kazi nyingine: anayekataa kuvumilia anatangaza kwamba subira yake imekwisha. Ondoa ukanushi, sifa inarudi. Mimi nikihariri taarifa nikakuta "uongozi ulivumilia rushwa", huwa nasimama kwanza kuuliza: uongozi ulidaiwa rushwa, au uliwaacha wanaoila? Sentensi haijibu.

"Aliendekeza" ni kali zaidi ya lile ulilotumia, sijui kama mjumbe wenu amelipima. Kuendekeza kunahitaji tabia na kunahitaji muda. Mtoto huendekezwa, uvivu huendekezwa, ulevi huendekezwa. Jambo la siku moja haliendekezwi. Tena anayeendekeza si mtazamaji tu, yeye ndiye anayelipa jambo nafasi ya kukua. Kama keshia alipungukiwa mara moja, neno hilo halifai hata kidogo. Kama alipungukiwa kila mwisho wa mwezi, na kila mara meneja akamwongezea muda wa kurudisha, basi mjumbe wenu amewazidi wote.

Yako mengine, nayataja kwa haraka. "Kulea maovu" ni ya mimbarini. "Kufunika kombe mwanaharamu apite" waachieni wazee wa ukoo, kwenye taarifa ya kamati itachekesha. "Alipuuza" linafaa ikiwa aliambiwa kisha akalidharau jambo, na hapo sharti umtaje aliyemwambia.

Kuhusu sarufi, jibu ni "aliufumbia macho upungufu". Katika "fumbia" kuna watu wawili wa kugombea kiambishi: macho yanayofumbwa, na jambo linalofumbiwa. Anayeshinda ni jambo. Ndiyo maana tunasema "tuliwafumbia macho wezi", "hatutalifumbia macho suala hili". Wengi hupotoshwa na "aliyafumbia macho makosa", wakadhani ile "ya" ni ya macho. Ni ya makosa. Imetokea tu kwamba makosa na macho yote yamo katika ngeli moja. Weka "wizi" badala ya makosa utaona: "aliufumbia macho wizi". Na ukigeuza kauli, kinachotangulia ni jambo hilohilo: "upungufu ulifumbiwa macho".

Wala usithubutu kulitupa neno "macho" ili kufupisha. "Meneja alimfumbia keshia" ni habari nyingine kabisa: alimtolea fumbo. Ni kitenzi kile cha methali, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Mimi ningeiandika taarifa yenu hivi, nikichukulia kwamba nyaraka mnazo:

"Upungufu ulionekana kwenye fomu za kufunga siku mara tatu, na fomu zote tatu zina saini ya Meneja. Kamati haikuona barua yoyote ya kumtaka Keshia ajieleze."

Hakuna kitenzi cha kugombania hapo. Anayesoma atalitamka mwenyewe "aliufumbia macho", na meneja hatakuwa na neno la kulalamikia isipokuwa saini yake. Kama nyaraka hamna, andikeni "Meneja hakuchukua hatua", basi, na mkutano umuulize kwa nini.

Angalizo dogo kwa mpiga chapa wenu. Nakala uliyonitumia, ukurasa wa pili, imedondosha ile "i" ikawa "Meneja alifumba macho". Mtu wa pwani akisoma hivyo atauliza mazishi ni lini.