Mwenye 230E isiyoenda mbele: usinunue giaboksi kwanza

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una Benzi W123 230E ya 1984, oto, yaani giaboksi inayobadili gia yenyewe. Asubuhi umeweka D gari imekaa kimya, ukiweka R inarudi vizuri kabisa. Fundi kakupa njia mbili: ununue giaboksi ya mtumba, au uitoe oto yote uweke ya gia za mkono. Unauliza uchague ipi. Kwa sasa usichague yoyote. Mimi nilikimbilia ile ya kwanza na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Yangu ni 230E kama yako. Ilinikatikia Morogoro pale Msamvu, natoka Iringa. Nimejaza mafuta, nawasha, D, injini inanguruma, gari haisogei hata inchi. R inakubali. Wale vijana wa sheli wakacheka sana kuniona naondoka kwenye pampu kinyumenyume kwenda kuegesha. Nikalipia gari la kubeba mpaka Dar, na hiyo gharama peke yake naomba nisiitaje.

Dalili zilikuwepo miezi mitatu nyuma, nilizipuuza. Asubuhi injini ikiwa baridi, ukiweka D ilikuwa inachelewa kushika. Unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo inashtuka na kuondoka. Ikishapata moto, shwari. Mimi nikasema gari lina umri, nalo linahitaji muda wa kuamka. Jiulize vizuri kama yako haikuwa hivyohivyo.

Fundi wangu hakufungua kitu. Alisikiliza dakika moja akasema giaboksi imekufa. Nikaenda Ilala, nikazunguka siku mbili, nikapata moja iliyotoka kwenye gari lililokatwa. Hapa kuna jambo la kukuambia iwapo utafika huko: soma namba iliyogongwa ubavuni mwa kasha, juu kidogo ya sampo, lile bakuli la oili la chini. Inaanza na 722, halafu nukta. Hizi 230E za miaka ya yako zinatumia 722.4. Ile 722.3 ni kaka yake mkubwa, ya injini zenye nguvu zaidi kama 280E, na muuzaji atakuapia kwamba "zote za Benzi zinaingiliana". Haziingiliani. Hata ndani ya 722.4, tarakimu za mwisho zinakwambia ilitengenezwa kwa injini ipi na ipange kubadili gia wakati gani. Ukiokota ya injini nyingine inaweza kufunga boliti zote na bado ikakuendesha vibaya.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili kwa watu watatu, bila lifti, gari likiwa juu ya stendi. Ekzosi ilishuka, propela shafti ikafunguliwa, kebo ya spidi, wenzo wa gia, mipira, stata. Halafu boliti za toki konveta, lile duara linalopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa oili, unazifikia kupitia kitundu kidogo, unazungusha injini kwa soketi kubwa kwenye boliti ya mbele ya krenki ili zije moja moja. Hiyo kazi haina siri, ni jasho tu.

Pa kuogopa ni wakati wa kurudisha. Toki konveta inatakiwa ikae imezama kabisa kwenye pampu ya mbele ya giaboksi kabla hujaibandika kwenye injini. Unaisukuma huku unaizungusha, inaingia, unadhani imefika, kumbe bado kuna hatua nyingine. Ikifika kweli utaisikia inagonga ndani na ukingo wake utazama kuliko mdomo wa kasha. Kijana mmoja pale akaona uwazi wa kama kidole kati ya kasha na injini, akachukua spana aanze kuvuta kwa boliti. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Ukivuta kwa boliti unapasua pampu, na hiyo giaboksi uliyoitafuta siku mbili inageuka chuma chakavu kabla haijawashwa. Kasha linatakiwa likutane na injini kwa mikono mitupu, boliti ni za kukazia tu.

Tukasafisha mabomba ya kupozea yanayokwenda kwenye rejeta, maana uchafu wa giaboksi ya zamani hubaki humo na utaingia kwenye mpya. Tukajaza ATF, oili ya giaboksi za oto, aina ya Dexron, lita sita na kidogo. Kipimo chake usikisome injini ikiwa imezimwa wala baridi. Gari lipate moto, liwe tambarare, injini inalia, gia iko P, ndipo uchomoe kijiti. Na ukifutie kitambaa kisichoacha nyuzi.

Gari likaenda mbele. Nikashangilia siku moja.

Siku ya pili nikaanza kulia. Linabadili gia kwa kishindo, kama mtu kakugonga nyuma. Ukiondoa mguu kwenye taa za Ubungo linakushtua tena. Na kila wiki oili ya giaboksi inapungua lakini chini hapana tone. Fundi akasema ni giaboksi mbovu, nirudi Ilala nikabadilishiwe. Bahati yangu mzee mmoja, fundi wa Benzi tangu zamani, aliyekuja kwa jambo lake jingine, akatazama moshi mweupe wa ekzosi akauliza, "Oili ya gia unaongeza mara ngapi?" Nikamjibu. Akainama, akachomoa mpira mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) ubavuni mwa giaboksi, akauelekeza chini. Ukadondosha ATF nyekundu.

Kile kidude mpira ulikochomolewa ni modyuleta. Ndani ina kiwambo cha mpira. Upande mmoja ni giaboksi, upande wa pili unavutwa na vakyumu ya injini. Kwa nguvu ya huo mvuto giaboksi inajua injini inafanya kazi nzito au nyepesi, na inapanga ikaze gia kwa upole au kwa nguvu. Kiwambo kikitoboka, injini inanyonya oili ya gia na kuichoma, ndio moshi ule, na giaboksi inadhani unapanda mlima Kitonga na mzigo muda wote. Modyuleta ni kitu cha kushika kiganjani, hakihitaji kushusha chochote. Tukabadili, mpira wa vakyumu uliopasuka nao tukabadili, tukarekebisha kebo inayotoka kwenye akselereta kushuka kwenye giaboksi. Kishindo kikaisha. (Na usije ukasumbua watu kwamba gari halina gia ya kwanza. Hizi kwa kawaida zinaondokea ya pili, ya kwanza unaipata ukikandamiza mafuta hasa au ukishusha kwenye L.)

Sasa sehemu inayoniuma. Giaboksi yangu ya zamani nilimwachia fundi wa kwanza kama chuma chakavu, kwa fedha ya chai. Miezi miwili baadaye nikaikuta inatembea chini ya Benzi nyingine hapohapo mtaani. Namba niliikumbuka. Nilipomuuliza yule mzee akacheka, akanieleza kitu ambacho kila mwenye 722.3 na 722.4 angetakiwa kukijua. Ndani kuna bendi, mkanda wa chuma wa kubana, inaitwa B2, inayoshika gari linapokwenda mbele. Inasukumwa na pistoni moja ndogo. Pistoni hiyo ndiyo ugonjwa maarufu wa hizi giaboksi: inapasuka, bendi haishiki, gari linakataa kwenda mbele, na R inaendelea kama kawaida kwa sababu R haiitegemei. Ile kuchelewa kwa D asubuhi ndiyo pistoni inaaga.

Na inabadilishwa giaboksi ikiwa hapohapo chini ya gari. Unashusha sampo, unabonyeza kifuniko chake ubavuni kwa kifaa kwa sababu kina springi, unatoa kipete cha chuma, pistoni inatoka. Unaweka mpya, gasketi na filta mpya, oili mpya. Nusu siku kwa anayejua. Bei yake ukilinganisha na giaboksi niliyonunua ni aibu kusema.

Kuhusu gia za mkono sikukatazi, wapo walioweka na wanafurahi. Ila huyo fundi amekutajia giaboksi tu. Mwambie aorodheshe na pedali, klachi na pampu zake mbili za mafuta, flaiwili, propela shafti ya urefu mwingine, mauntini ya nyuma, na nyaya za stata, maana kwenye oto stata haiwaki mpaka gia iwe P au N. Ukikuta gari zima lililokufa bodi lenye vyote hivyo, hapo tunaweza kuongea. Ukivitafuta kimoja kimoja utazeeka Gerezani.

Kwa hiyo kesho fanya hivi. Kwanza pima oili, isije ikawa imepungua tu. Kama iko sawa, weka beseni, fungua plagi ya sampo kwa alenki namba 5, shusha sampo mbele ya macho yako, usiende kunywa chai. Toki konveta nayo ina plagi yake, zungusha injini mpaka itokee, la sivyo oili chafu nyingi itabaki humo. Ukikuta vipande vya pistoni vimelala kwenye sampo na oili bado nyekundu, umepona kwa bei ndogo. Ukikuta oili nyeusi inanuka kuungua na unga mwingi wa vitambaa vya klachi, hapo fundi wako ana hoja, na tutaanza kuitafuta hiyo 722.4. Piga picha ya kilichomo, iweke hapa kabla hujamlipa mtu.