Lori la zamani siku linapiga siku linagoma, stata au nini?
Mkuu usikimbilie kununua stata (mota inayozungusha injini iwake), hapo ndo wengi tunaliwa hela. Umesema ni lori la volti 24, asubuhi linapiga freshi ila likishachemka ukizima linagoma, unasikia "tak" moja afu kimya na taa za dashibodi hazififii. Iyo tak maana yake solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye stata) inapata moto, yaani umeme, kwaiyo swichi ya funguo iache kwanza, shida ni moto mkubwa haufiki kwenye stata au haurudi.

Anza na ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Ule waya mnene wa betri kwenda chasisi na ule wa injini kwenda chasisi, fungua piga msasa mpaka king'ae, kaza. Afu chukua mita, pini moja kwenye hasi ya betri inayoenda chasisi nyingine kwenye bodi ya stata, mtu ageuze funguo, ikizidi kama volti 1 ethi mbovu. Upande wa chanya pima hivohivo, ila pini moja kwenye chanya ya betri inayoenda stata nyingine kwenye nati ya waya mnene wa stata.

Ikiwa poa kote, siku likigoma gonga stata taratibu na nyundo huku mtu anawasha (gia iwe nyutro na handibreki juu jamani, nishaona mtu nusura apitiwe). Ikizunguka basi brashi (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani ya stata) zimeisha au kontakti za solenoidi (vyuma vinavyogusana kupitisha umeme) zimeungua, ivyo vinabadilishwa tu kwa fundi waya. Mimi langu lilinisumbua miezi miwili nikabadili mpaka betri, kumbe waya wa ethi ulishaoza ndani ya mpira, nje unauona mzima kabisa.

Pima afu leta majibu