Kabla ya kutia saini Jeshi la Akiba la Marekani

Kijana anayemaliza sekondari Marekani, awe amekuja na wazazi kutoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, hakosi kukutana na afisa uandikishaji: shuleni, dukani, kwenye maonyesho ya ajira. Atakayoambiwa ni yaleyale: wikendi moja kwa mwezi, wiki mbili kwa mwaka, msaada wa ada ya chuo, uraia wa haraka. Yote yana ukweli. Lakini yanayoamua kama utaifurahia miaka hiyo au utaihesabu kwa uchungu ni mambo mawili yasiyotajwa kwenye bango, nayo ni kazi utakayopewa na kikosi utakachopangiwa. Tunazungumzia Army Reserve, na pia National Guard, ambayo huwa chini ya gavana wa jimbo mpaka serikali kuu iiite.

Anza na muda. Mkataba wa kwanza ni wa miaka 8, na mara nyingi hugawanywa 6 kwa 2. Miaka 6 unahudhuria kikosini. Miaka 2 ya mwisho jina lako linabaki kwenye orodha ya IRR: huendi kambini, hulipwi mshahara wa wikendi, ila unaweza kuitwa nchi ikihitaji watu. Kabla ya utaratibu wa wikendi kuanza, kuna mafunzo ya ukuruta ya wiki 10, kisha kozi ya kazi yenyewe, ambayo huanzia kama wiki 4 na nyingine hupita mwaka. Hapo ndipo masomo ya chuo huvurugika. Kozi ya wiki 20 haienei ndani ya likizo ya kiangazi, kwa hiyo utapoteza angalau muhula mmoja. Upo utaratibu wa kugawa mafunzo, ukuruta kiangazi hiki na kozi kiangazi kijacho, lakini unafaa kwa kozi fupi tu na lazima uandikwe kwenye mkataba. Ukiambiwa “tutapanga baadaye”, hesabu kwamba haupo.

Wikendi moja ya kambi huhesabiwa kuwa vipindi 4. Ukikosa vipindi 9 bila ruhusa ndani ya miezi 12, unahesabiwa kuwa mshiriki asiyeridhisha, na kamanda anaweza kuanza kukushusha cheo au kukuondoa. Tisa inasikika nyingi, kumbe ni wikendi mbili na asubuhi moja. Vijana wanaofanya kazi za zamu ghalani au hospitalini huumia hapa, kwa sababu ratiba ya kambi ya mwaka mzima hutolewa mapema nao hawampelekei msimamizi nakala.

Sasa hadhi ya ukaazi. Anayekubaliwa ni raia au mwenye grini kadi. Aliyeomba hifadhi na anasubiri jibu, mwenye viza ya masomo, au aliyeingia kama mkimbizi na bado hajapata grini kadi, bado muda wake. Mkimbizi huomba grini kadi akishatimiza mwaka mmoja nchini, basi amalize hilo kwanza. Ule mpango wa MAVNI uliowachukua wenye viza kwa sababu ya lugha au taaluma zao ulianza 2009 na ukasimamishwa 2016. Ukiletewa kwenye simu tangazo linalousifu, ni la zamani.

Kwa mwenye grini kadi milango ya kazi si yote. Kazi zinazodai kibali cha usalama, kama za ujasusi na nyingi za mawasiliano na kompyuta, zinamtaka raia. Uafisa nao ni wa raia. Zinazobaki bado ni nyingi na nzuri: ufundi wa magari makubwa, udereva wa malori, bohari na ugavi, upishi, ujenzi, baadhi ya kazi za tiba. Kama ndoto yako ni usalama wa mitandao na huna uraia, kuna hekima katika kusubiri, maana kubadilisha kazi ukishaingia ni safari ndefu inayotegemea nafasi na ridhaa ya kamanda.

Mtihani wa kuingilia jeshini, ASVAB, unahitaji maandalizi kuliko wengi wanavyodhani. Alama inayokuingiza, AFQT, hutokana na sehemu nne tu: maana za maneno, ufahamu wa kusoma, hesabu za mafumbo na hisabati ya darasani. Zile mbili za Kiingereza huunganishwa kuwa alama moja, na alama hiyo huhesabiwa mara mbili. Ndiyo maana kijana mkali wa hisabati aliyesoma kwa Kifaransa au Kiswahili anaweza kupata alama za chini zisizoonyesha uwezo wake. Kiwango cha kawaida cha kuingia ni 31, lakini usilenge 31. Kila kazi ina alama zake za chini, na anayepita kwa kupapasa huonyeshwa orodha fupi. Tenga miezi mitatu ya kusoma msamiati wa Kiingereza kila siku kabla ya kukubali kupelekwa kwenye mtihani. Ukishindwa, unasubiri mwezi mmoja kurudia, mwezi mwingine kwa mara ya tatu, na baada ya hapo miezi 6 kila mara.

Siku ya vipimo hufanyika katika kituo cha MEPS: macho, masikio, damu, mkojo, viungo. Tangu 2022 vituo hivyo vinatumia mfumo wa MHS Genesis unaovuta rekodi za hospitali na maduka ya dawa, kwa hiyo pumu uliyotibiwa ukiwa na miaka 15 itaonekana hata ukinyamaza. Kwa mwenye ugonjwa, mara nyingi ipo njia ya kuombewa ruhusa maalumu. Kuficha kunahesabiwa udanganyifu, nao unaweza kukufuata hata baada ya miaka. Bangi ni kosa kwa sheria ya serikali kuu hata pale jimbo lako linapoiruhusu. Na miraa, au mirungi, ambayo nyumbani huliwa barazani bila mtu kushtuka, ina kathinoni, iliyo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku Marekani. Achana nayo mapema.

Hakikisha majina yako yanalingana. Jamaa wengi waliopitia kambi za wakimbizi wana tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari na jina lililoandikwa kwa namna tatu: kwenye grini kadi, kwenye kadi ya Social Security na kwenye cheti cha shule. Kila tofauti itasimamisha faili lako kwa wiki kadhaa. Sahihisha kabla, na cheti chochote cha Kifaransa au Kiswahili kitafsiriwe kwa Kiingereza. Kama umesoma nje, vyeti vyako vitathminiwe na taasisi inayotambulika, kwa sababu elimu ina thamani ya cheo. Cheo cha chini kabisa ni E-1: krediti 24 za chuo hukuingiza E-2, krediti 48 E-3, na shahada ya kwanza E-4. Aliyemaliza shahada Nairobi au Dar es Salaam akaingia kama E-1 kwa kukosa karatasi moja ya tathmini amejipunja mshahara tangu siku ya kwanza.

Tukirudi kwenye kazi na kikosi. Askari wa jeshi la kudumu huchagua kazi na jeshi humpeleka kokote. Wa akiba ni kinyume: nafasi unayoonyeshwa ni ile iliyo wazi katika kikosi kinachofikika kutoka nyumbani kwako. Mji wenu ukiwa na kikosi cha usafirishaji tu, utaonyeshwa udereva. Kwa hiyo muulize afisa akupe orodha ya vikosi vyote vya eneo, vya Reserve na vya Guard, na usione haya kuzungumza na afisa wa kila upande, kwani mmoja hawezi kukuuzia nafasi za mwenzake. Pima barabara: nauli ya kwenda kambini kwa kawaida ni yako, na saa mbili za theluji alfajiri ya Jumamosi si jambo dogo kwa asiye na gari. Omba kwenda kukitembelea kikosi wikendi ya kambi, uone watu wanafanya nini hasa. Kikosi kizuri hakitakukatalia.

Mkataba wenyewe ni DD Form 4 pamoja na viambatisho. Ndani yake kuna kifungu kinachosema waziwazi kwamba ahadi zilizoandikwa humo ndizo pekee, na nyingine yoyote uliyopewa na mtu haitatambuliwa. Kisome kifungu hicho mara mbili. Kazi, muda wa kozi, bonasi, msaada wa masomo, kila kimoja kiwe na mahali pake kwenye kiambatisho. Bonasi hukatwa kodi, hulipwa kwa sharti la kumaliza kozi, na ukishindwa kutimiza mkataba unaweza kudaiwa sehemu yake. Kumbuka pia kwamba anayejiandikisha jeshi la kudumu hukaa kwenye orodha ya kusubiri mpaka siku ya kuondoka, wakati kiapo cha akiba kinakuingiza kikosini tangu siku hiyo.

Mshahara wa wikendi ni rahisi kuukokotoa: chukua mshahara wa msingi wa mwezi wa cheo chako, gawa kwa 30, zidisha kwa 4. Kwa E-1, kuanzia Aprili 2025, dola 2,319 zilitoa takriban dola 309 kabla ya kodi. Hiyo si kodi ya nyumba. Faida kubwa zaidi iko kwenye bima ya afya ya Tricare Reserve Select, ambayo mwaka 2025 mtu mmoja aliilipia karibu dola 54 kwa mwezi, na kwenye ada. Jeshi husaidia hadi dola 250 kwa krediti, kwa kikomo cha mwaka, na baadhi ya majimbo yana yao: Ohio, kwa mfano, hulipia ada ya chuo cha umma kwa askari wake wa Guard aliyeweka mkataba wa miaka 6. Msaada mkubwa wa masomo wa serikali kuu, Post-9/11 GI Bill, ni habari nyingine. Unadai siku za utumishi wa kuitwa, kuanzia 90 kwa sehemu ya malipo, na wikendi za kambi hazihesabiwi. Usijiandikishe ukidhani huo ni wako tayari.

Uraia kupitia utumishi ni wa kweli na fomu ya kuomba uraia, N-400, haitozwi ada. Jeshi huthibitisha utumishi wako kwa N-426. Mtihani wa Kiingereza na uraia bado upo. Na uraia huo unaweza kufutwa ukiondolewa kwa sababu zisizo za heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wenye heshima. Mtanzania ajue kwamba sheria ya kwao hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na Katiba ya Kongo nayo inasema uraia wa Kikongo hauchanganyiki na mwingine. Mkenya na Mganda wana nafuu hapo.

Kuitwa vitani au kwenye mafuriko si ajali ya mkataba, ndiyo kiini chake. Sheria inaruhusu rais, nchi ikiwa katika hali ya dharura, kuwaita askari wa akiba hadi miezi 24 mfululizo. Wazazi waliokimbia vita wanastahili kulisikia hili kutoka kinywani mwako kabla ya kiapo, wala si kwa simu kutoka kambini. Kazi yako ya uraiani inalindwa na sheria ya USERRA ya 1994 kwa jumla ya miaka 5 ya utumishi kwa mwajiri mmoja, ila umpe taarifa mapema, na kwa maandishi. Ukirudi, tarehe zina uzito: utumishi wa siku 31 hadi 180, omba kurudi kazini ndani ya siku 14, zaidi ya 180, ndani ya siku 90. Baada ya ukuruta na kozi hesabu hiyo inakuhusu wewe pia, kwa hiyo weka nakala ya amri zako za kwenda na kurudi mahali ambapo mtu wa nyumbani anaweza kuzipata.