Tishari langu limepasuka likivutwa na tagi ya kukodi, nani alipe?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Niko Kindu, Kongo, nina tishari la chuma (chombo cha mizigo kisicho na injini), nilikodi tagi ya mtu, yaani boti ya kuvuta, ilipeleke Ubundu likiwa na mchele na mawese. Nahodha alitembea usiku na maji ya mto Lualaba yameshuka, akalibamiza kwenye jiwe, bati la chini likapasuka. Mwenye tagi ananionyesha karatasi niliyosaini, "hasara yoyote ni ya mwenye tishari". Nina haki ya kudai?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, pole sana ndugu yangu. Kupasuka peke yake hakumfanyi adaiwe, manake kwa sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba mtu uliyempa mali yako aifanyie kazi kaishika kama amana, halipi mpaka azembee au avuke mipaka. Wahanafi, wa madhehebu ya Abu Hanifa, wamekaza zaidi, tena wametaja kabisa chombo kinachozama kwa sababu ya mvuto wa baharia, wakasema analipa hata kama hakukusudia kwani madhara yametoka kwenye kazi yake mwenyewe.

Sasa kwa upande wetu swali ni nahodha alifanya nini usiku ule. Waulize manahodha wazee wa hapo Kindu, wasio na undugu na yeyote kati yenu, je mtu mwenye akili zake anapeleka tishari lenye mzigo usiku wa kiangazi, mchanga umehama, bila taa ya kumulika na bila kijana mbele wa kupima kina kwa mti? Wakisema hapana basi huo ni uzembe, analipa bati na mchele ulioloa. Wakisema ndo kawaida yao na jiwe lile hakuna aliyekuwa analijua, hapo ni kadari, huna la kumdai.

Karatasi isikutishe. Mtume (s.a.w.) kasema Waislamu wako kwenye masharti yao, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali, na kuharibu mali ya mtu kwa uzembe hakuhalalishwi kwa saini. Hata Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1955, tishari la mafuta lilikuwa limegonga nguzo ya daraja mto Mississippi, ililikataa sharti kama hilo hilo.

Ila na wewe jiangalie, kama kamba ilifungwa vibaya na kijana wako, au bati lilikuwa limeshaliwa na kutu, sehemu hiyo ya hasara ni yako, usimtoze bati jipya kwa bati bovu. Na wewe ndiye mdai, ushahidi unaleta wewe, ukikosa yeye anaapa na kesi imeisha. Wallahu aalam.