Pumzi Inayosikika

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema ile filamu unayoiwekea maandishi ya chini kwa ajili ya viziwi imejaa neno "sighs" kwenye mabano, nawe kote umeandika "anapumua", mhariri akakurudishia kazi bila maelezo. Mhariri hakukosea. Kila aliye hai anapumua. Kiziwi akisoma hivyo atadhani mgonjwa kazinduka.

"Sigh", litamke "sai", ile gh haisikiki, ni pumzi ndefu inayotoka mpaka aliye pembeni akaisikia. Basi. Kama ni ya huzuni, ya kuchoka au ya raha, neno halisemi. Mama aliyeambiwa mwanawe kafaulu mtihani anaitoa, na mfiwa anayekunja khanga za marehemu anaitoa vilevile. Ndiyo maana Waingereza huongezea: "sigh of relief" ni ya aliyeepukana na balaa. Ukisikia mtu "sighs for" kitu, anakitamani mpaka moyo unamuuma, ila hiyo ni ya mashairi zaidi. Hata upepo mitini wanasema "sighs". Ukikutana nao andika unavuma taratibu, usiupe mapafu.

Mara nyingi "anashusha pumzi" itakufaa. Lakini kwetu aliyeshusha pumzi tunamwona kama katua mzigo, kwa hiyo penye msiba ongeza "kwa huzuni". Tazama uso kabla hujaandika. Akiwa anageuza macho na kuangalia saa, mimi ningeandika "anaguna", ingawa mguno si pumzi, kwa kuwa Mswahili aliyechoshwa na maneno ya mtu huguna. "Anasonya" usiguse. Msonyo hewa huvutwa ndani kupitia meno, tena ni dharau. Bibi wa watu kachoka tu, wewe umeshamgombanisha na mkwewe. Anayetweta naye katoka kukimbia.

"Anaugua" nalipenda, lakini liache. Katika Biblia ya Union, Marko 7:34, Yesu anatazama juu mbinguni, "akaugua", ndipo akamwambia yule kiziwi Efatha. Biblia ya King James ina "sighed" hapohapo. Wazee walielewa, vijana wa leo watauliza aliugua nini.

Halafu si kila pumzi ina jambo nyuma yake. Mwili hujitolea pumzi ya namna hii takriban kila dakika 5, wala hatuna habari. Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, na baadhi hunywea. Pumzi moja kubwa, kama mara mbili ya kawaida, huvifungua tena. Mwaka 2016 watafiti wa UCLA na Stanford, vyuo vikuu vya Marekani, walionyesha, kwa kuchunguza panya, seli chache kwenye shina la ubongo zinazoiamrisha. Basi mwigizaji akishusha pumzi huku anafunga viatu, na hakuna aliyemgeukia wala kumjibu, muulize mhariri kama unaweza kuiruka. Mimi ningeiruka.

Ile sehemu ya jikoni uliyosema imekushinda, nitumie niione. Kata kipande hicho tu, usinitumie filamu nzima. Bando langu ni la wiki na leo ndiyo kwanza Jumanne.

Mama yako